Taa ya Entebbe kijani, radi inapiga: kutafuta kosa kwenye ramani ya taa za hali ya hewa

Saa kumi na moja alfajiri ziwa lilikuwa linanguruma. Upepo ulishaanza kupigapiga mabati, na kila radi ilipomulika niliiona miembe ya uani kana kwamba ni mchana. Nikageuka kutazama ukutani, kwenye ramani ya Uganda na majirani zake niliyoitengeneza mwenyewe kwa ubao wa plaiwudi na taa 24 za LED. Taa ya Entebbe, uwanja ulio karibu kabisa na kitanda changu, ilikuwa inawaka kijani. Kwenye ramani ya namna hii, kijani maana yake ni kwamba rubani anaona mbali na mawingu hayamzuii.

Kulipokucha jirani yangu alipita kuchukua ngazi yake. Ni mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kutengeneza ndege, na mtaa mzima tunamwita Afande. Alisimama mlangoni, akaitazama ramani, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Kijana, hii kitu yako inasema hewa iko sawa. Mimi usiku nasikia radi. Nani anadanganya?"

Swali la Afande lilinila siku mbili. Nilifungua ubao, nikavuta waya mmoja baada ya mwingine, nikachoma upya maungio kwa risasi, nikabadilisha chaja. Nilianzia mahali pabaya, na watu wengi wenye ramani kama yangu huanzia hapohapo: kwenye waya, kwa sababu waya unaonekana na kushikika. Taa ile ni mwisho wa safari ndefu, na kosa linaweza kuwa limeingia popote njiani.

Kutoka uwanjani hadi ukutani

Ramani yenyewe ni rahisi kuieleza. Karatasi kubwa, yangu nilichapisha kwenye barabara ya Nasser pale Kampala, imebandikwa juu ya ubao. Penye kila uwanja wa ndege pametobolewa tundu, na tundu lina taa moja ndogo. Taa zote zimefungwa kwa mfuatano kama shanga kwenye uzi, na mwanzo wa uzi umeungwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani. Kila baada ya dakika chache kompyuta huomba taarifa za viwanja kupitia intaneti, huzisoma, huchagua rangi ya kila kimoja, kisha huzimimina rangi kwenye uzi.

Taarifa hizo huitwa METAR. Ni ujumbe mfupi ambao kituo cha hali ya hewa cha uwanja hutoa kwa marubani mara moja au mbili kwa saa, na huandikwa kwa mtindo mmoja dunia nzima. Wa Entebbe mchana wa kawaida unaweza kuwa hivi:

METAR HUEN 140900Z 18008KT 9999 FEW024 26/18 Q1017 NOSIG

HUEN ni Entebbe. Herufi H ni ya kanda yetu ya Afrika na U ni ya Uganda, ndiyo maana Gulu ni HUGU, Soroti ni HUSO na Arua ni HUAR, ilhali viwanja vya Kenya huanza na HK, vya Tanzania HT na vya Rwanda HR. Kisha huja tarehe 14 na saa 0900Z, yaani saa ya dunia. Hapa Mswahili ana bahati asiyoijua: chukua saa ya Z, ondoa tatu, unapata saa yetu moja kwa moja. Tisa toa tatu ni sita, basi ujumbe ni wa saa sita mchana. Saa 1200Z ni saa tisa alasiri. Ukipita kumi na mbili unaondoa kumi na mbili tena, na ukishuka chini ya sifuri unaiongeza. Mimi hufanya hesabu hii kila siku, na imeniokoa mara nyingi nilipotaka kujua kama taarifa ni ya sasa au ya jana.

Vinavyofuata ni upepo unaotoka kusini kwa noti 8, umbali wa kuona wa kilomita 10 au zaidi unaoandikwa 9999, mawingu machache kwa futi 2,400 juu ya uwanja, joto nyuzi 26, kiwango cha umande 18, mgandamizo wa hewa 1017, na neno NOSIG linalosema hapatarajiwi badiliko kubwa ndani ya saa mbili. Hizo futi huhesabiwa kutoka uwanjani. Uwanja wa Entebbe wenyewe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, na anayechanganya vipimo hivi viwili atashangaa kuona mawingu yakitembea chini ya ardhi.

Rangi zinatokana na mpango wa Kimarekani wenye madaraja manne. Kijani ni mawingu yaliyo juu ya futi 3,000 na kuona zaidi ya maili 5, kama kilomita 8. Buluu ni mawingu ya futi 1,000 hadi 3,000, au kuona maili 3 hadi 5. Nyekundu ni chini ya futi 1,000, au chini ya maili 3. Zambarau ni chini ya futi 500, au chini ya maili moja. Kinachotazamwa ni kile kibaya zaidi kati ya viwili. Na sio kila wingu linahesabiwa: mawingu yanayofunika sehemu ndogo ya anga, yale yenye alama FEW na SCT, hayaguswi. Huhesabiwa yaliyotanda, BKN na OVC, au anga lililozibwa kabisa. Kikumbuke kipengele hiki.

Simama mahali patatu

Ramani ikikosea, kabla ya kugusa bisibisi, simama mahali patatu kwa zamu na uulize swali moja kila mahali.

Pa kwanza ni simu yako. Ufungue ujumbe wenyewe, uusome kwa macho. Ramani nyingi huchota taarifa kwenye ghala la huduma ya hali ya hewa ya anga ya Marekani, aviationweather.gov, ambalo hukusanya METAR za dunia nzima na kuzitoa bure. Andika aviationweather.gov/api/data/metar?ids=HUEN kwenye kivinjari, utaona mstari wa mwisho wa Entebbe. Je, ujumbe upo? Ni wa saa ngapi? Unasema nini? Kama ujumbe haupo, hakuna waya utakaoutengeneza ukaleta taa.

Pa pili ni ndani ya kompyuta. Iendeshe programu kwa mkono, usiiachie ratiba, na uiamuru iandike kwenye skrini kila uwanja ilioupata, saa ya taarifa na rangi iliyoichagua. Kama skrini inasema Kisumu ni buluu na taa ya Kisumu ni kijani, kosa liko kati ya kompyuta na taa. Kama skrini yenyewe inasema kijani, waya hauna hatia.

Pa tatu ni taa bila intaneti. Andika programu ya mistari michache isiyojua chochote kuhusu hewa: iwashe taa ya kwanza nyekundu, kisha ya pili, hadi ya mwisho, halafu irudie kwa kijani na kwa buluu. Programu hii mimi huiweka kwenye kadi siku zote. Ikipita bila kasoro, ubao wako ni mzima.

Kazi yote hii haichukui robo saa. Mimi nilitumia siku mbili kwa kuiruka.

Ujumbe usiofika, na ujumbe uliovaa nguo nyingine

Tuanze na kimya. Entebbe ni uwanja wa kimataifa, hutoa taarifa usiku na mchana. Viwanja vidogo haviko hivyo. Kiwanja cha mbugani Kidepo hakina mtu wa kutazama mawingu kila saa ili ramani yako ipendeze. Ukitoboa tundu penye kila kiwanja cha Uganda, jiandae kuona matundu meusi, na weusi huo ni jibu sahihi. Ndiyo sababu ramani nyingi za kwetu hujazwa na majirani: Kisumu HKKI, Eldoret HKEL, Nairobi HKJK, Mwanza HTMW, Kigali HRYR. Juba hunasa wengi. Enzi za Sudan moja ilikuwa HSSJ, leo ni HJJJ, na orodha za zamani zinazozunguka mitandaoni bado zina ile ya kwanza. Ukiomba herufi za zamani hupewi onyo, unapewa ukimya.

Kutoka kwenye ukimya huzaliwa kosa baya kuliko yote ya programu. Tuseme orodha yako ni Entebbe, Jinja, Tororo, Kisumu, Eldoret. Jinja leo haikutuma. Programu iliyoandikwa kwa haraka hupokea majibu manne na kuyapanga kwenye taa nne za mwanzo: Entebbe inakaa kwake, Tororo inahamia Jinja, Kisumu inahamia Tororo, Eldoret inahamia Kisumu. Ramani inawaka vizuri, rangi zinapendeza, na tatu kati ya hizo ni uongo. Ukiona hewa ya mahali inaonekana kwa jirani yake, tafuta hapa. Dawa ni kwamba nafasi ya taa itokane na orodha yako mwenyewe: kwa kila herufi nne, itafutwe ndani ya majibu, na ikikosekana taa izimwe, zamu yake ibaki. Wala usitegemee kwamba majibu yatakuja kwa mpangilio ulioomba.

Lipo pia tatizo la ghala kubadilisha mlango. Mwaka 2023 tovuti ile ilijengwa upya, na anwani ya zamani ambayo maelfu ya ramani zilikuwa zinaichota ikafungwa. Ramani zilizotengenezwa kwa kunakili maelekezo ya 2019 au 2020 zilizima kwa pamoja, na wenyewe wakaanza kununua taa mpya. Wakati huohuo umbali wa kuona ulianza kuandikwa kwa namna nyingine: 9999 yetu, ikibadilishwa kuwa maili, huandikwa 6+. Ile alama ya kujumlisha ni herufi. Programu inayojaribu kuigeuza 6+ kuwa namba huanguka palepale, na huanguka siku hewa ni nzuri! Mvua ikinyesha na umbali ukawa maili 3, programu inafanya kazi. Niliwahi kuona ramani ya rafiki yangu ikiwa hai wakati wa dhoruba tu, naye akaamini unyevu ndio unaosaidia maungio ya waya. Ondoa alama ya kujumlisha kabla ya kugeuza, basi.

Tena usiombe kila dakika. METAR haibadiliki hivyo, na ghala lina kikomo cha maombi. Kila dakika 10 inatosha, maombi 144 kwa siku. Omba viwanja vyote kwa ombi moja. Jibu moja likiwa na kilobaiti 10, siku nzima haifiki megabaiti 2, jambo la maana kwa anayelipia intaneti kwa vifurushi.

Taa zisizosahau

Hapa ndipo ningependa kila mwenye ramani asimame.

Taa hizi, za aina ya WS2811 au WS2812B, zina chipu ndogo ndani. Kompyuta hutuma mkondo wa alama, 24 kwa kila taa. Taa ya kwanza huchukua 24 za mbele, huzihifadhi, na kuzipitisha zote zilizobaki. Ya pili hufanya vilevile. Kazi ikiisha kila moja hukaa na rangi yake, na itaendelea nayo hadi iambiwe vingine au umeme ukatike. Haihitaji kukumbushwa.

Maana yake ni kwamba programu inaweza kufa saa mbili usiku, na ramani ikaendelea kung'aa usiku kucha, kesho yake na keshokutwa, na rangi za saa mbili usiku ule. Hakuna dalili. Taa iliyozima humfanya mtu aulize. Taa ya kijani iliyoganda humtuliza. Kwa hiyo mimi naihesabu taa iliyoganda kuwa hitilafu kubwa kuliko taa iliyoungua, ingawa fundi anayetazama ubao tu hataiona kamwe.

Tiba yake haina gharama. Kwanza, programu isome saa iliyomo ndani ya METAR yenyewe, iilinganishe na saa ya sasa, na taarifa yenye umri wa zaidi ya dakika 90 ipoteze haki ya kuwa na rangi. Mimi huifanya iwe nyeupe hafifu. Pili, kila programu inapoanza kazi, kabla ya kuomba chochote, ifute taa zote kwa sekunde moja kisha iziwashe upya. Tatu, toa taa moja pembeni mwa ramani iwe ya mapigo: kila programu inapomaliza mzunguko salama inabadilisha rangi. Ukipita sebuleni mara mbili ukaikuta rangi ileile, unajua kuna maiti ndani.

Umeme unaporudi

Hesabu ya umri wa taarifa inategemea kitu ambacho Raspberry Pi nyingi hazina: saa inayotembea zenyewe zikiwa zimezimwa. Kompyuta za kawaida zina betri ndogo ya saa. Hii haina; hata Raspberry Pi 5, yenye sehemu ya saa, inahitaji uiongezee betri. Umeme ukikatika, au yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha usiku, kompyuta ikiwaka tena hudhani wakati ni ule wa mara ya mwisho ilipohifadhi saa, mpaka ipate intaneti na kuuliza.

Fikiria kinachofuata. Umeme umerudi baada ya saa sita. Kompyuta imewaka kwa sekunde chache na inaamini bado ni saa moja jioni. Ruta ya intaneti inahitaji dakika mbili ndipo ipate mtandao. Programu iliyoamriwa kuanza kompyuta inapowaka inaomba taarifa, haipati mtandao, inaanguka, haianzi tena hadi mtu aje. Au inapata mtandao mapema kabla saa haijasahihishwa, na taarifa mpya inaonekana kutoka siku za mbele, umri wake ni namba hasi, kipimo cha dakika 90 kinaipitisha chochote iwayo. Kama kompyuta ilikaa kabatini miezi kadhaa, hata mlango wa tovuti huikatalia, kwa kuwa cheti cha usalama cha tovuti kinaonekana hakijaanza kutumika.

Amri ya timedatectl itakuonyesha kama saa imeshalinganishwa. Programu ingoje jibu hilo liwe ndiyo. Na badala ya kuanzishwa mara moja tu kompyuta inapowaka, iwekwe kwenye ratiba ya cron kila dakika 10, hivyo ikikosa mara moja itapata mara ya pili. Ratiba hiyo iwe ya mtumiaji mkuu, kwa sababu programu za taa hizi kwa kawaida huhitaji ruhusa yake. Ile "inafanya kazi nikiiendesha mwenyewe, haifanyi ikiwa peke yake" karibu kila mara ni ruhusa au njia ya faili isiyoandikwa kikamilifu.

Kukatika kwa ghafla pia huua kadi ya kumbukumbu. Kompyuta ikikatwa katikati ya kuandika, faili huharibika, na siku moja haitawaka kabisa. Raspberry Pi ina mpangilio wa kuifunga kadi isiandikwe, uko kwenye raspi-config. Uwashe ukishamaliza matengenezo, na uwe na nakala ya kadi nzima kwenye droo.

Volti, na chaja nzuri iliyoleta ugonjwa

Tukija kwenye umeme wenyewe, taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula miliampea 60, ishirini kwa kila rangi ya msingi. Taa 24 ni ampea 1.44, na kompyuta inataka sehemu yake. Ramani ya kawaida haifiki huko kwa kuwa kijani ni rangi moja tu na mwanga hupunguzwa, lakini waya mwembamba wa chaja ya simu unaweza kuangusha volti kabla hazijafika. Raspberry Pi hulalamika zikishuka chini ya 4.63. Iulize kwa amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, shwari. Ikijibu 0x50005, inakosa umeme wakati huohuo unapoiuliza. 0x50000 ni kwamba ilikosa tangu ilipowashwa, hata kama sasa imetulia. Lisha taa kwa chanzo chao chenye nguvu, lakini nyaya hasi za chanzo hicho na za kompyuta lazima ziungane. Zisipoungana, alama hazina pa kupimiwa, na taa zitacheza rangi ovyo.

Sasa jambo lililonisumbua kuliko yote kuelewa. Ramani ilikuwa inafanya kazi kwa chaja kuukuu. Nikanunua chaja bora, taa zikaanza kumetameta. Nikarudisha kuukuu, zikatulia. Fundi yeyote angesema chaja mpya ni feki, nami nilisema hivyo.

Chaja mpya ilikuwa nzuri. Taa ya WS2812B huitambua alama ya "ndiyo" ikifika asilimia 70 ya volti zinazoilisha. Ikilishwa volti 5.1, inataka alama ya volti 3.57. Raspberry Pi hutoa alama za volti 3.3 tu. Chaja kuukuu ilikuwa dhaifu, ikizilisha taa volti 4.6, na asilimia 70 ya hizo ni 3.22, chini kidogo ya kile kompyuta inachotoa. Udhaifu wa chaja ulikuwa unaficha upungufu wa alama. Ndiyo maana ramani mbili zilizofungwa sawasawa hutenda tofauti, na ndiyo maana ushauri wa "mimi nimeunga moja kwa moja na inafanya kazi" hauthibitishi kitu.

Suluhisho halali ni chipu ya kupandisha alama kutoka volti 3.3 hadi 5, kama 74AHCT125, katikati ya kompyuta na taa ya kwanza. Ukiikosa madukani, diodi ya 1N4001 kwenye waya chanya wa taa ya kwanza peke yake hushusha volti zake hadi kama 4.3, taa hiyo itaielewa kompyuta, na itapitisha alama zenye nguvu zaidi kwa ya pili. Waya wa alama uwe mfupi. Kizuizi cha omu 300 hadi 500 mwanzoni mwake husaidia.

Dalili nyingine ni za kusoma haraka. Taa zikiwaka hadi ya tisa na kuanzia ya kumi ni giza, kosa liko kwenye mlango wa kutokea wa ya tisa, mlango wa kuingilia wa ya kumi, au waya kati yao, zilizobaki usiziguse. Taa zote zikicheza rangi hata baada ya kurekebisha volti, zima sauti ya kompyuta, kwa sababu pini namba 12 inayotumiwa na wengi hushindaniwa na kifaa cha sauti. Raspberry Pi 5 ina mpangilio mpya wa pini, na programu ya zamani ya taa hizi iliyoandikwa kwa matoleo ya nyuma haikuijua. Tazama hilo kabla ya kununua.

Na ukiamka ukute Uganda nzima ni nyekundu na nje jua linawaka, usiogope. WS2812B husoma kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha buluu. Taa nyingi za WS2811 zenye umbo la risasi husoma nyekundu kwanza. Ukitaja aina isiyo yake, kijani hugeuka nyekundu na nyekundu hugeuka kijani, buluu hubaki ilivyo, na zambarau inakuwa feruzi. Buluu iliyo sahihi katikati ya rangi zilizogeuka ndiyo alama ya ugonjwa huu. Ni neno moja kwenye programu. Lakini fikiria ubaya wake: uwanja uliopaswa kuwa nyekundu kwa mawingu ya chini unaonyeshwa kijani.

Kijani cha alfajiri ile

Siku ya tatu niliweka bisibisi chini, nikasimama mahali pa kwanza. Kumbukumbu za programu zilikuwa na ujumbe wa saa ile ya ngurumo. Sehemu yenye uzito ilikuwa hivi:

HUEN 120200Z 34012KT 9999 TS FEW018CB SCT020

Mbili toa tatu, ongeza kumi na mbili: saa kumi na moja alfajiri. Taarifa ilikuwa mpya. Umbali wa kuona kilomita 10 au zaidi, kwa kuwa mvua ilikuwa haijafika uwanjani. Mawingu FEW na SCT, yaani hayakutanda, kwa hiyo hayahesabiwi. Kwa madaraja manne ya Kimarekani jibu ni kijani, na programu ilitoa kijani. Kompyuta ilikuwa sahihi, waya ulikuwa sahihi, taa ilikuwa sahihi.

Lakini ujumbe wenyewe ulikuwa umeshasema kila kitu. TS ni ngurumo za radi. CB ni lile wingu refu la dhoruba ambalo hakuna rubani mwenye akili timamu anayeliingia. Mtazamaji wa hali ya hewa pale Entebbe alitoka nje gizani, akaliona, akaliandika. Ramani yangu ndiyo ililitupa, kwa sababu rangi hupimwa kwa kimo na umbali tu. Huku kwetu hasara hiyo ni kubwa. Usiku hewa baridi ya nchi kavu huteremka kutoka pande zote kuelekea Ziwa Viktoria, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na dhoruba huzaliwa usiku wa manane hadi alfajiri. Nyingi hukaribia pwani na upepo wake kabla mvua haijapunguza umbali wa kuona. Ramani ya rangi nne pekee itaendelea kuwa kijani hadi dakika ya mwisho.

Niliongeza mistari mitano. Kama ujumbe una TS au CB, taa hubaki na rangi yake lakini humulika njano mara moja kila sekunde mbili. Angalia tu kwamba TS inaweza kuja na alama mbele au nyuma yake, kama +TSRA kwa radi na mvua kubwa, au VCTS kwa radi iliyo jirani na uwanja, na kwamba herufi hizo zitafutwe kwenye sehemu ya hali ya hewa. Chini ya ramani nilibandika maandishi kwamba ni ya kuelimisha nyumbani, na anayeruka achukue taarifa yake kwa njia rasmi. Afande ndiye aliyenilazimisha kuyaandika, kwa wino mweusi.

Wiki iliyofuata aliniletea kiti chake mwenyewe akakaa mbele ya ukuta. Entebbe ilikuwa inamulika njano, Kisumu kijani, Mwanza buluu. Akanyoosha kidole katikati ya ziwa, penye visiwa vya Ssese, ambako wavuvi walikuwa majini usiku ule. "Na hapa?"

Hapo hakuna kituo kinachotuma METAR. Sikuwahi kutoboa tundu.